Tangi la Vita Jikoni kwa Adventina

Mwaka jana walikuja vijana watatu wa mradi kutoka Dar es Salaam, fulana zao zinafanana, wakaniuliza kituo kinacholea wagonjwa kinawezaje kupunguza gesi zinazopasha dunia joto. Nikawaambia wamechelewa zaidi ya miaka thelathini. Jibu lilipatikana kule Irogelo, wilayani Muleba, mwaka 1991, na aliyelipata alikuwa mpishi. Tena hakuwa akiifikiria dunia. Alikuwa akifikiria kuni. Najua, kwa sababu kuni zile nilikuwa nampelekea mimi.

Mpishi huyo ni Adventina Kokushubila. Alizaliwa Kitendaguro, pembeni mwa mji wa Bukoba, mtoto wa nne wa mkulima wa ndizi. Alipomaliza darasa la saba alipata kazi mjini, dukani kwa Bibi Madhuben, Mhindi aliyeuza vitenge, chumvi na mafuta ya taa. Duka lile ndilo lililokuwa sekondari yake. Alijifunza kumpima mtu kabla ya kupima bidhaa, na alijifunza kutotupa kitu. Mabomu ya Amin yalipoanguka Bukoba mwaka 1978, mume wa Madhuben, Bwana Umedbhai, alipanda meli na watoto kwenda Mwanza. Madhuben alikataa kuondoka. Walijifungia dukani, yeye na Adventina, wakauza chumvi kupitia dirishani mpaka vita vikaisha.

Baadaye Adventina aliolewa Irogelo na Ildefons, kijana aliyekwenda Uganda na mgambo akarudi na redio. Miaka saba baada ya kurudi akafa kwa ugonjwa ambao siku zile, kwa kuona aibu, tuliuita Juliana, na leo unaitwa UKIMWI. Shemeji zake walikuja kuzungumza habari za kibanja, yaani shamba la migomba, matanga hayajaisha. Adventina aliwapikia, akawasikiliza, akawaambia, "Chukueni upande wa juu, wenye kahawa. Mimi niachieni upande wa chini, wenye deni la kazi." Wakafurahi. Upande wa chini ndio uliokuwa karibu na maji. Ndivyo alivyo.

Usharika ulipofungua kituo cha wagonjwa mwaka 1988 katika ghala la zamani la kahawa, vitanda kumi na sita, aliajiriwa kupika. Baada ya miaka miwili alikuwa anakiendesha, ingawa hakuna aliyewahi kumtangaza.

Sasa sikiliza habari za kuni. Ugonjwa ule ulikuwa wa kuharisha. Shuka zilichemshwa kutwa nzima. Maji ya kuoga, uji, chai, ndizi na maharage, vyote juu ya mafiga. Lori langu lilikwenda mara mbili kwa wiki, limejaa mikaratusi ya usharika, ile iliyopandwa mteremkoni. Usharika ulinipa mti mmoja kwa kila mitatu niliyokata na kuipeleka, na wangu nauza ninakotaka. Nilikuwa naona mambo ni mazuri sana. Mteremko ulikuwa unabaki visiki.

Mwezi wa nne mwaka ule wa 1991, mwenyekiti wa kamati, Ta Ishengoma (Ta kwetu ni Mzee), mwenye ng'ombe kumi na mmoja na sauti ya watu kumi na wawili, aliwaita watu kanisani.

"Miti imebaki hamsini na kitu," alisema. "Baada ya Jumapili ya Mavuno haukatwi hata mmoja. Hiyo ni mbao ya kanisa jipya."

"Na wagonjwa?" Adventina aliuliza.

"Ma Adventina, wagonjwa wana kwao."

"Datius, mgonjwa wangu wa kitanda cha mwisho, ana kwao? Nyumba yake mmeng'oa mlango, mwenyekiti. Mlango uko kwa nani?"

Watu wakatazama chini. Mlango ulikuwa kwa binamu yake Ishengoma.

"Nipe njia ya kupika bila kuni," Ishengoma akasema, "nami nitaufunga mdomo."

"Mpaka Mavuno?"

"Mpaka Mavuno. Siku hiyo upike mbele ya watu wote. Ukiweza, kituo kinabaki. Usipoweza, Jumatatu yake nawatawanya."

Aliyasema mbele ya watu mia mbili, na Adventina alikuwa amemtaka ayaseme hivyo hivyo. Wagonjwa kumi na sita, miezi minne. Kama kituo kingefungwa, nusu yao wangerudi kwenye vibanda visivyo na mtu wa kuwachotea maji.

Kesho yake alipanda lori langu kwenda Bukoba. Tukafika Hamugembe, mlangoni mwa mji. Hapo akauliza, "Rugaibula, ng'ombe mmoja ananya kiasi gani kwa siku?" Nikadhani usingizi umemlevya.

Kumbe alikumbuka jambo. Enzi za duka, Madhuben alikuwa akimsimulia juu ya nyumba ya kaka yake huko Gujarat, ambako walipika kwa hewa inayotoka kwenye mavi ya ng'ombe. Bibi kizee alikuwa bado yupo dukani, mwembamba kama ufagio, rafu nusu tupu. Adventina alipouliza tu, Madhuben akapungua miaka ishirini. Alichana karatasi ya kufungia sukari, akachora.

"Hapa shimo la matofali. Hapa unamimina mavi na maji, sawa kwa sawa. Hapa juu unafunika kwa pipa kubwa la chuma, mdomo chini. Hewa ikijaa, pipa linapanda lenyewe! Kaka yangu alichora mistari ubavuni, kila mstari ni chungu kimoja cha wali."

"Kubwa kiasi gani, Mama?"

"Kwa watu wako? Kubwa kuliko duka hili. Utalipata wapi, binti?"

Adventina alinigeukia. Mimi nilishajua anachofikiria. Kwenye rweya, ile nyika ya majani nje ya kijiji, kulikuwa na tangi la mafuta la jeshi lililoachwa tangu mwaka 1979. Mbuzi walikuwa wanajikinga mvua ubavuni mwake.

"Utalibeba," akasema.

"Unataka nibebe jeneza langu mwenyewe? Ukipika bila kuni mimi nitakula nini?"

"Miti inaisha Mavuno, nikishinda nisishinde. Wewe umekwisha tayari, ila hujaambiwa. Nibebee tangi, nami nikuahidi mzigo wa lori lako baada ya Mavuno."

"Mzigo gani?"

"Ukikubali kwanza nitakuambia."

Madhuben alicheka mpaka akakohoa. "Nilimfundisha mimi huyo!" Kisha akaingia chumba cha nyuma, akatoka na jiko la zamani la gesi la chuma lenye sehemu mbili za moto, akalipangusa vumbi. Nikakubali. Biashara mbaya nazijua, na ile haikuwa na harufu hiyo.

Datius, yule asiye na mlango, alikuwa fundi wa kuchomelea jeshini wakati wa vita. Kilo zake zilikuwa zimebaki chache lakini kichwa kilikuwa kizima. Tulimtoa nje na kiti, blanketi mabegani, akamwamuru fundi na vibarua kama ofisa.

"Lijazeni maji kwanza! Lioge siku tatu! Mnataka kutupeleka mbinguni kabla ya zamu?" Baada ya siku tatu akasema, "Sasa kata hapa. Hapa, siyo hapo. Wewe fundi ulijifunzia wapi, kwa mshona viatu?"

Tangi lilikatwa sehemu ya chini, likatiwa koki juu. Shimo likachimbwa nyuma ya jiko, likajengwa kwa tofali na saruji. Mwezi wa sita likawa tayari, na Jumapili Adventina akasimama kanisani kuomba mavi ya ng'ombe.

Hapo sasa ndipo watu wa kwetu walipoharibu, tena kwa moyo mweupe. Mtu wa Kagera hampi mwenzake kitu kibaya cha kutia kibanja. Samadi ndiyo inayofanya mgomba uzae na mjukuu aukute. Mwanamke akitaka kukuheshimu atakuletea samadi iliyolala mwaka mzima, nyeusi, laini, inayomeguka kama keki. Kwa hiyo watu walifunua marundo waliyoyaficha kwa miezi. Walikuja na vikapu vichwani, wanaimba, kila mmoja akimwonyesha jirani: "Tazama yangu! Haina hata unyasi!" Hata Ishengoma alituma vikapu arobaini, akasema, "Nisije nikaambiwa nilimkwamisha." Shimo lilijaa siku mbili. Sijawahi kuona samadi nzuri kama ile imekusanyika mahali pamoja. Tangi likashushwa juu yake, mdomo chini, likatulia.

Likaendelea kutulia.

Wiki ya kwanza tulisema subira. Wiki ya pili watoto wakaacha kuja kutazama. Wiki ya tatu Ishengoma alipita na fimbo yake, akagonga tangi, likalia kidogo tu.

"Ma Adventina, ng'ombe wako wa chuma hajapata mimba?"

"Ng'ombe wangu ana aibu, Ta Ishengoma. Ukiondoka atazaa."

Lakini alipoondoka, Adventina akahesabu siku. Zilibaki wiki sita. Siku hiyo hiyo alinituma Bukoba, nami nikarudi na Madhuben, amekaa mbele kwenye lori, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama anaendesha yeye.

Bibi yule hakusalimia mtu. Alikwenda shimoni, akachota kidogo kwa kijiti, akanusa. Akanusa tena. Kisha akakaa chini akacheka machozi yakamtoka.

"Nani alileta hii?"

"Watu wote, Mama. Ni samadi bora kuliko zote kijijini."

"Ndiyo! Bora kwa ndizi. Lakini hii imekwisha kuoza, hewa yake ilishatoka mwaka jana, imekwenda juu mawinguni! Mmempa huyu makombo. Mimi nataka mavi ya leo asubuhi, yenye moshi, yale ambayo nyinyi mnaona aibu kumpa mtu!"

Datius kwenye kiti chake akasema, "Mawe, mama yangu! Tumemlisha maiti," akacheka hadi tukaogopa ataanguka.

Sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipovua kofia. Mtu mwingine angelia. Adventina alilitazama shimo lile lililojaa samadi, akaanza kuhesabu kwa midomo. Akachukua kanga yake akajifunga kiunoni, akapanda mpaka kwa Ishengoma, mimi nyuma.

"Ta Ishengoma, ng'ombe wako hulala zizini. Asubuhi unafanya nini na mavi mabichi?"

"Natupa kwenye rundo. Mwakani yatakuwa samadi."

"Mwakani. Mimi nakupa samadi leo. Ndoo moja ya mavi mabichi, ndoo moja ya samadi iliyoiva, mkononi."

Ishengoma alimtazama. "Samadi yangu mwenyewe?"

"Yako, ya Benigna, ya Kashaija, ya kijiji kizima, imechaguliwa vikapu bora tu. Migomba yako haitasubiri mwakani."

"Na usipofanikiwa?"

"Samadi umekwisha kuila. Hasara ni yangu."

Mzee alitafuta kosa. Nilimwona akilitafuta, macho yanazunguka zizi lote. Hakulipata. "Lete ndoo," akasema, "lakini zangu. Zako naona ni ndogo."

"Ndoo zako kwa kutoa na ndoo zako kwa kupokea," Adventina akajibu, na Ishengoma akalazimika kucheka.

Habari ikaruka kijijini. Siku tano shimo lilitolewa samadi upande mmoja na kujazwa mavi mabichi na maji upande mwingine. Watu waliokuwa wanaona haya kubeba mavi mabichi mchana walipigania foleni. Nilikwenda machinjioni Muleba nikaleta mapipa mawili ya uchafu wa tumboni mwa ng'ombe, Madhuben alisema ndiyo chachu yake. Kwa kuwa kwetu mlimani ni baridi, kina mama wakalizungushia shimo majani makavu ya rweya, yale yale tunayotandika sakafuni, nene kama godoro.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Datius akapiga kelele kutoka kitini. "Mstari! Mstari!" Alikuwa amechora mistari ya chokaa ubavuni mwa tangi. Mstari wa kwanza ulikuwa umetoka kwenye tope. Watu wakaacha majembe. Tangi la vita, lililolala miaka kumi na mbili, lilikuwa linapanda lenyewe, polepole, linanguruma kwa ndani kama mtu aliyeshiba.

Tulifungua koki, tukawasha kiberiti. Kikazima. Cha pili kikazima. Nikamgeukia Madhuben.

"Hiyo ya kwanza ni chafu, haiwaki," Madhuben akasema bila kusimama. "Mwageni yote, mfunge, msubiri."

Tukamwaga. Siku nne baadaye tangi likapanda tena, mistari mitatu. Adventina aliwasha mwenyewe. Moto ukatokea wa buluu, mfupi, hauna moshi, hata usingeuona juani. Aliweka kiganja juu yake, akakivuta haraka, akapuliza vidole. "Unauma!" akapiga kelele. "Unauma kweli!" Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Nitasema sasa ili nisirudi huko: Datius alikufa mwezi wa pili mwaka uliofuata, kitandani kwake kituoni, baada ya kunywa chai iliyochemshwa kwa tangi lake. Madhuben akamfuata miaka miwili baadaye. Tangi liliishi kuliko wote wawili.

Jumapili ya Mavuno ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Desturi ya Walutheri wa kwetu, baada ya ibada mazao yaliyoletwa madhabahuni yananadiwa uwanjani, na kwa kuwa nina mdomo, kunadi ilikuwa kazi yangu. Lakini siku ile hakuna aliyetazama mikungu yangu. Watu wote walikuwa nyuma ya jiko la kituo. Masufuria mawili makubwa ya ndizi na maharage yalikuwa juu ya jiko la Madhuben, lililoungwa na koki ya tangi kwa bomba, yamefunikwa majani ya mgomba yakafungwa kamba ili mvuke usipotee. Maharage yalilowekwa tangu jana, maana Adventina alikuwa ameanza kubana kila kitu kinachokula moto. Mafiga yalikuwa baridi. Alikuwa amepanda mchicha katikati yake, kwa uchokozi tu.

Ishengoma alikaa mbele kabisa na saa yake mkononi. Mistari ya Datius ilishuka, mmoja, wa pili. Ilipobaki miwili, Adventina akafunua sufuria. Mvuke ukapanda. Akachukua ndizi moja kwa kijiko, akampelekea mwenyekiti.

Ishengoma akapuliza, akatafuna. Watu mia tatu wakamtazama taya.

"Haina harufu ya moshi," akasema.

"Ndiyo kosa lake?"

"Sijasema kosa. Nimesema haina." Akameza. "Ongeza."

Kelele zile! Wagonjwa waliokuwa na nguvu walitoka nje na mablanketi yao. Na mimi, sijui shetani gani wa biashara alinipanda, nikachota ndoo ya tope lililokuwa linatoka upande wa pili wa shimo, lile lililokwisha kutoa hewa, nikaliweka mezani kati ya mikungu na mayai.

"Ndoo hii!" nikapaza sauti. "Imepika chakula mlichokula, na bado ni mbolea! Haina mbegu ya magugu, haina funza! Fedha hatuna mwaka huu, taja ulichonacho! Nani anaanza?"

"Kuku!" Kashaija akajibu, kwa utani.

"Kuku na mayai yake," akasema Benigna, bila utani. Alikuwa amemwaga ndoo mbili kwenye mgomba wake wiki mbili kabla, na macho anayo.

"Mkungu na kuku!"

"Kuku wawili!"

"Mbuzi!" Huyo alikuwa binamu yake Ishengoma, mwenye mlango wa Datius.

"Mbuzi na mlango," Adventina akamwambia, na uwanja wote ukaangua kicheko. Mtu yule akaketi.

Hapo Ishengoma akasimama, na fimbo yake. "Mnacheza," akasema. "Mavi mabichi ya ng'ombe wangu wote kumi na mmoja. Kila asubuhi. Mwaka mzima."

Nikainua rungu langu kupiga meza, lakini Adventina akanishika mkono.

"Mwaka mmoja, Ta Ishengoma? Kwa ndoo kama hii? Na kila asubuhi utakuwa unachukua ndoo nyingine ukirudi?"

"Bila shaka nitachukua."

"Basi ni miaka mitatu. Na mikaratusi iliyobaki haikatwi, kwa mbao wala kwa kuni. Kanisa lijengwe kwa tofali."

"Mwanamke, unanadi au unanyang'anya?"

"Wewe ndiye umesimama. Mimi nimekaa na kijiko changu."

Mzee akatazama tangi. Akatazama ndoo. Akawatazama watu, ambao wote walishajua jibu na walikuwa wanasubiri tu kulisikia.

"Mitatu!" akapiga kelele, na mimi nikapiga meza kwa nguvu hata mayai mawili yakaanguka.

Vurugu ilipotulia kidogo, Adventina alinijia akifuta mikono. Nilijua ahadi imefika.

"Tope linatoka ndoo thelathini kwa siku," akasema. "Vijiji vya kule chini vimekwisha kusikia. Rugaibula, Jumatatu lete lori. Na ulioshe, linanuka kuni."